Sandi Weji ya Digrii 56 Kwenye Mchanga wa Lindi: Geuza Fimbo, Tazama Chini

Wadau wangu, hamjambo! Karibuni tena kwenye chaneli. Leo tuko Lindi mjini, ufukweni, maji yamekupwa, ng'ambo ile mnayoiona nyuma yangu ni Kitunda. Mkononi nina fimbo moja tu ya gofu. Sandi weji, yaani fimbo ya kuutoa mpira mchangani, digrii 56, baunsi 12, ya mtumba, kichwa cha kromu, shafti, yaani mpini, ya chuma. Urefu na uzito mnavijua, sitawamalizia bando kwa hayo. Nimekuja na fimbo hii kwa sababu ya sehemu moja ambayo wanunuzi wengi hawaitazami kabisa, nayo ndiyo inayonifanya niseme: kama una hela ya fimbo moja, anza na hii. Draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, itasubiri.

Mdogo wangu, shusha kamera. Chini zaidi, iwe usawa wa ubao. Hapo hapo.

Tazameni. Nimeweka fimbo juu ya ubao ulionyooka, shafti imesimama wima, siilazi mbele wala nyuma. Mnauona ule ukingo wa mbele, ule mwembamba unaotangulia kufika kwenye mpira? Haugusi ubao! Kinachogusa ubao ni tumbo la unyayo, huku nyuma. Sasa nachukua sarafu, naisukuma chini ya ukingo. Imepenya. Pembe hiyo kati ya ukingo na tumbo ndiyo baunsi. Ukifanya hivi kwenye weji yenye baunsi 4 au 5, sarafu inagonga ukingo na kukwama, kwa sababu ukingo umekaa karibu kabisa na ubao.

Hesabu ya haraka: digrii 4 mpaka 6 ni baunsi ndogo, 7 mpaka 10 ya kati, kuanzia hapo kwenda juu ni kubwa. Ukikuta weji ya Vokey imechapwa 56.14F, ile 56 ni lofti, yaani ulalo wa uso, 14 ni baunsi, na F ni mchongo wa unyayo. Kampuni nyingine zinaandika lofti peke yake, au herufi mbili tu, SW, yaani sandi weji, basi. Ndiyo maana nawaambia tembeeni na sarafu. Muuzaji atakusifia jina la kampuni mpaka jua litue. Wewe omba ubao na upige magoti.

Haya, twendeni mchangani. Ufuo kama huu wakati maji yametoka unakupa mchanga wa aina mbili hatua chache tu kutoka mmoja hadi mwingine, na hakuna darasa la weji linalolizidi hili.

Tuanze huku juu, mchanga mkavu, laini, mguu unazama. Nachora mstari mrefu kwa kidole kuelekea majini, miguu yangu iko pande zake mbili, mstari uko karibu na mguu wa mbele, ule wa upande mpira unakokwenda. Mpira bado siuweki. Kazi ni moja: fimbo iingie mchangani palepale kwenye mstari na itokee mbele. Fuateni mpangilio huu. Kwanza nafungua uso wa fimbo, uangalie juu zaidi na kulia kidogo, HALAFU ndiyo nashika. Wengi wanashika kwanza kisha wanazungusha viganja. Wakishuka kupiga, viganja vinarudi kwenye hali yake na uso unajifunga. Pili, nasokota miguu mpaka nyayo zizame sentimita mbili tatu, ili nisiteleze na nijue mchanga una kina gani. Tatu, uzito unalemea mguu wa mbele kidogo, na unabaki huko. Nne, napiga bila kusimamisha mikono.

Sikieni sauti hiyo. Tena. Pwaa! Inatoka nzito na pana. Mdogo wangu, lete kamera kwenye alama. Imeanza kwenye mstari, imekwenda mbele, kina chake hata sentimita mbili hakifiki. Hiyo ni baunsi inafanya kazi: tumbo limeukanyaga mchanga, mchanga umelirudisha juu, fimbo imepita. Kufungua uso kumeongeza baunsi hiyo, maana ukifungua, tumbo linashuka na ukingo unapanda.

Sasa naweka mpira, kama sentimita 5 mbele ya mahali ninapotaka fimbo iingie. Macho yangu yako kwenye mchanga, siyo kwenye mpira. Napiga... ahaa! Umeonaje? Mpira haukuguswa na chuma. Umebebwa na mchanga, umepanda, umetua taratibu. Nairudia kwa mwendo wa polepole muone, kwa sababu hapa ndipo fimbo hii inaponifurahisha kupita kiasi. Tazama ukingo unavyopita chini ya mpira bila kukita.

Sasa upande wa pili. Hii hapa weji ya baunsi ndogo, mchanga uleule, mchapo uleule. Puu! Imesimama. Ukingo umezama kama jembe, mpira umesogea kidogo na kubaki palepale. Hapa wengi hujilaumu kwamba hawana nguvu. Nguvu unazo, ndugu yangu, ila fimbo haina tumbo la kuirudisha juu.

Tushuke sasa kwenye mchanga mbichi, huku maji yalikotoka punde. Kisigino hakizami hata kidogo. Sitaki mtu anunue fimbo hii kwa sifa tu, kwa hiyo nawaonyesha inapokosea. Nafungua uso vilevile kama kule juu, napiga... mnaona? Fimbo imedunda juu ya mchanga mgumu, ukingo umeukata mpira katikati, mpira umetoka chinichini kwa kasi kubwa. Kwenye banka, yaani shimo la mchanga la uwanjani, mpira huo ungegonga ukuta wa mbele au ungevuka nzima ile grini, eneo lililosawazishwa kuzunguka shimo la mpira. Baunsi ileile iliyotuokoa juu imetuponza hapa, kwa kuwa mchanga huu haukanyagiki.

Dawa yake: usifungue uso, uache uelekee moja kwa moja unakolenga. Sogeza mpira nyuma kidogo, mikono itangulie mbele ya mpira. Ukilaza shafti mbele hivyo, unapunguza baunsi, ukingo unashuka. Piga karibu zaidi na mpira, sentimita mbili au tatu nyuma yake, na upunguze nguvu, mpira utakimbia zaidi ukitua. Nimepiga... safi, umetoka.

Na ardhi kavu je? Mnaijua ile ardhi chini ya mikorosho ikishafagiliwa kusubiri mavuno, ngumu, tupu, haina hata jani. Mpira ukikaa pale, weka hii kwenye mfuko, chukua weji yenye baunsi ndogo au hata fimbo ya chuma iitwayo aini namba 9, chapa chinichini uutembeze. Kwa baunsi 12 juu ya ardhi hiyo uwezekano wa kuukata mpira kichwa ni mkubwa mno.

Jambo la sheria kabla sijasahau, maana mazoezi haya yanaweza kukuzoesha vibaya. Ukiwa kwenye banka halisi huruhusiwi kugusa mchanga kwa fimbo nyuma au mbele ya mpira kabla ya kupiga, wala wakati wa kuuvuta mkono nyuma, wala kwa mchapo wa majaribio. Adhabu ni mikwaju miwili, inaongezwa kwenye hesabu yako. Kuchora mstari ni kwa ufukweni tu. Kwa hiyo jizoezeni fimbo ikiwa inaelea juu ya mchanga tangu siku ya kwanza. Jani au kijiwe unaweza kukiondoa bankani tangu sheria zibadilishwe mwaka 2019, ilimradi mpira usisogee.

Kuna anayeuliza kwenye komenti, dada yetu wa Masasi, kwa nini nisisifie weji ya digrii 60, maana ndiyo anayoiona kwenye mashindano ya televisheni. Dada yangu, ile inapandisha mpira juu sana, na ili ufike mbali inakudai mchapo mkubwa. Mchapo ukikua, na kosa linakua. Halafu fikiria kusi inavyovuma huku katikati ya mwaka. Mpira wa juu unakuwa mali ya upepo. Ukiwa na 56 unaweza kuupiga wa chini ukipenda, na ukifungua uso unapata wa juu. Chukua 60 baadaye kabisa.

Na niseme hili, kwa kuwa kila video naulizwa gofu ni ya matajiri tu au vipi. St Andrews kule Scotland, mji mdogo wa pwani ambao dunia nzima ya gofu inauheshimu, Old Course yake ni uwanja wa umma. Siyo klabu ya watu wachache. Na kwa kawaida Jumapili gofu haichezwi pale, watu wanatembea tu kwenye nyasi kama bustani ya mji. Una mabanka 112, ardhi yake ni ya kichanga, nyasi fupi, ngumu. Kwenye nyasi kama hizo fimbo yangu hii ya baunsi 12 ingehitaji uangalifu, ningeipunguza ifike 8 hivi. Ndiyo maana nasema fimbo haichaguliwi dukani, inachaguliwa na ardhi utakayoikanyaga.

Sasa tazameni pwani yetu. Mchanga upo, upepo upo, minazi ipo, mandhari ya ghuba haya hapa. Mtu wa Lindi au Mtwara akitaka kucheza mashimo 18 anakwenda Dar, Gymkhana au Lugalo, na kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500. Mimi naamini kabisa mji kama huu unaweza kuwa na uwanja wa umma wa mashimo 9 mafupi, kila shimo la mita 60 mpaka 120, bila kumwagilia grini hata moja. Miji midogo mingi ya Afrika imecheza kwa miaka kwenye brauni, yaani grini ya mchanga: unasawazisha duara, unamwaga mchanga laini, unashindilia, na kila mchezaji anaburuta ubao wa kusawazisha njia ya mpira kabla ya kuputi, yaani kuusukuma mpira uingie shimoni. Zamani mchanga ule ulichanganywa na oili chafu ili usipeperuke. Oili hiyo hapa nakataa, tuko kando ya bahari na visima. Mchanga laini ulionyunyiziwa maji na kupitishiwa rola unatosha, ila utaupitishia rola mara kwa mara.

Kwa mazoezi ya nyumbani, kata kipande cha bomba la PVC la milimita 110 ukifukie. Shimo halali la gofu lina kipenyo cha milimita 108, na tundu la ndani la bomba hilo ni dogo kidogo kuliko hapo. Ukizoea kuingiza humo, shimo halali utaliona pana.

Nawaomba jambo, na hili naliomba kwa moyo wote: msipige kuelekea baharini. Ngozi ya mpira ni plastiki, ndani ni raba ya kiwandani, haiozi. Pigeni kuelekea nchi kavu, mahali hakuna wavuvi wanaotengeneza nyavu wala akina mama wanaookota kombe. Na Msimbati, najua mchanga wake unawavutia, ila kule ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mkienda, nendeni kuogelea, fimbo ziacheni nyumbani.

Kinachonikera kwenye fimbo hii ni gripu, pale pa kushikia. Raba laini, nyeusi, ikipata jasho la huku inateleza, na ukiteleza unabana, ukibana viganja vinakakamaa. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, sugua kwa brashi, kausha kivulini. Ikishang'aa kama imepakwa mafuta, badilisha, tafuta yenye nyuzi ndani yake. Chumvi nayo haina huruma. Ukitoka ufukweni osha kichwa kwa maji ya bomba, pitisha mswaki wa zamani kwenye michirizi ya uso, kausha, pangusa na mafuta kidogo ya cherehani. Zile weji zisizo na kromu, zenye rangi ya chuma kitupu, ni nzuri mkononi ila pwani zinashika kutu haraka mno.

Bei: ya mtumba kwangu ikizidi laki moja na nusu naiacha, labda iwe mpya kabisa kwenye michirizi. Pitisha ukucha kwenye uso. Ukikwama kwenye kila mchirizi, bado ina maisha, ukiteleza, shusha bei au ondoka. Tikisa fimbo sikioni, ikilia ndani kuna gundi iliyokatika au kutu inayomeguka. Shika kichwa kwa mkono mmoja na gripu kwa mwingine, jaribu kusokota. Kikicheza hata kidogo, usinunue. Angalia pale shafti inapoingia kwenye kichwa, kola ya plastiki ikiwa imepanda juu, maji ya chumvi yanaingia hapo.

Video ijayo ni mipira ya mtumba, ipi inafaa na ipi imekunywa maji. Kama hujajiunga na chaneli, jiunge, ugonge na kengele. Mzee wangu wa Nachingwea aliyeuliza kama anaweza kumkatia mjukuu weji hii: inawezekana, ina sentimita kama 90, lakini kata upande wa gripu, kamwe si upande wa kichwa, na usipunguze zaidi ya sentimita 10. Ukizidisha, shafti inakuwa ngumu kama nondo; hapo bora umtafutie ya watoto moja kwa moja.