Masomo ya gofu Nairobi: kedi aliliona kosa, kocha akamfukuza

Nilikuwa nimeshaweka nyota tatu. Nimezipunguza mara mbili. Kila nikikumbuka maneno ambayo kocha alimwambia yule mzee aliyenibebea begi, mbele za watu, nyota inadondoka. Sasa imebaki moja, nayo ni ya wanaotunza nyasi za uwanja wa mazoezi, maana hao kazi yao wanaifanya.

Nilinunua kifurushi cha masomo kumi, pesa mbele, katika klabu moja ya hapa Nairobi, na nilikwenda na shida moja tu: slaisi. Anayepiga kwa mkono wa kulia anaijua vizuri. Mpira unaondoka kama unaokwenda katikati, halafu unaanza kupinda kulia, unazidi kupinda, mpaka unaishia mitini. Kwa fimbo namba 7 unaweza usiione kabisa. Kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ni msiba. Uso wa namba 7, yaani ile bapa inayogonga mpira, umelala nyuzi kama 30, kwa hiyo mpira unazunguka kwa nguvu kurudi nyuma na kule kuegemea pembeni kunamezwa. Draiva imelala nyuzi kama 10 tu, basi kosa lile lile dogo linaonekana lote. Sasa niambieni: masomo manne yamepita, mwenye slaisi amekuja na slaisi yake, na draiva haijatoka kwenye begi hata mara moja. Ni daktari gani anayetibu kidonda bila kukifunua?

Alichofanya kocha ni kutoa simu. Alisimama nyuma yangu, akaiinua usawa wa macho yake, akarekodi swingi tatu, yaani nilivyozungusha fimbo mara tatu, kisha akachora mistari myekundu juu ya picha na kutangaza kwamba fimbo yangu inakata kutoka nje kuingia ndani, yaani inatoka mbali na mwili na kuuvuka mpira kuelekea kushoto. Picha ya swingi kutoka nyuma ina masharti yake. Simu ikae usawa wa mikono ya mpigaji, yaani karibu na kiuno. Iwe kwenye mstari unaopita mikononi na kwenda sambamba na shabaha, na isitikisike, kwa hiyo inawekwa kwenye kigoda au inaegemezwa kwenye begi. Ukisogea hatua moja tu kulia au kushoto, njia ya fimbo inabadilika kwenye picha ingawa swingi ni ile ile. Ukiinua simu juu, mpangilio wote unaonekana umelala. Mistari aliyochora ilikuwa mizuri sana juu ya picha iliyopinda.

Hata tuseme alipatia, na fimbo yangu kweli ilikuwa inakata. Dawa aliyonipa ni kupiga kuelekea kulia. "Tupa mikono kulia, kulia zaidi!" Hiyo ni dawa ya zamani, na inaharibu. Mpira huanza kuelekea unakotazama uso wa fimbo wakati wa kugusa. Kwa draiva uso unachangia takriban asilimia 85 ya mwelekeo wa kuanzia, kwa fimbo za chuma takriban 75. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso na njia ya fimbo. Chukua mfano: njia inakata nyuzi 5 kwenda kushoto, uso umefunguka nyuzi 1 kulia. Mpira utaanza karibu katikati, kisha utapinda kulia kwa ile tofauti ya nyuzi 6. Sasa mwambie mtu huyo atupe mikono kulia bila kubadilisha anavyoshika fimbo. Njia inanyooka, lakini uso nao unafuatana na mikono, unafunguka nyuzi 6 zile zile. Mpira unaanza kulia na unazidi kulia. Zaidi ya hapo, ukielekeza swingi kulia, mahali fimbo inapogusa chini panarudi nyuma, na unaanza kuchimba udongo kabla ya mpira. Mpigaji akiona hivyo anageuza miguu na mabega kuelekea kushoto ili ajiokoe, na fimbo inarudi kukata vibaya kuliko mwanzo. Umelipa ili uzunguke pale pale.

Na hayo yote nilikuwa tayari kuyasamehe. Kocha kukosea ni jambo la kawaida, swingi ina mengi.

Lililonichoma ni hili. Ilikuwa somo la tatu au la nne, asubuhi moja ya juma hili lililopita au lile la kabla yake. Kedi aliyekuwa amenibebea begi ni mzee mwenye mvi, mtu ambaye angeweza kumzaa yule kocha. Alikaa kimya muda mrefu. Kocha alipoanza tena na ile "kulia, kulia", mzee alisogea, akavua kofia, akanyoosha kidole kuelekea glavu yangu. Pale chini ya kiganja, kwenye ile nyama iliyo upande wa kidole cha mwisho, kulikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, na kingo zake zimekuwa nyeusi kwa raba ya mpini.

"Samahani kocha," akasema. "Glavu imetoboka hapo kiganjani. Fimbo haiko vidoleni, inasugua kiganja."

Kocha hakuiangalia hata hiyo glavu. "Wewe umekuja kubeba begi. Rudi kule kwenye benchi ukae."

Mzee akavaa kofia, akasema "sawa, kocha," akarudi kwenye benchi. Watu sita, saba walisikia. Mmoja alicheka.

Alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi kabisa, na kosa lote lilikuwa kwenye lile tundu. Glavu isome kama fundi anavyosoma soli ya kiatu. Ikichakaa sawasawa kwenye vidole, fimbo iko mahali pake. Ikitoboka chini ya kiganja, mpini umelala kiganjani na unateleza kila ukipiga. Mpini ukilala kiganjani, kifundo cha mkono hakikunjiki vizuri fimbo ikipanda, na mkono hauwahi kugeuka fimbo ikishuka. Uso unafika kwenye mpira ukiwa bado umefunguka. Mwili unaona mpira unakwenda kulia, unaanza kuvuta fimbo kushoto ili usaidie, na hapo ndipo kule kukata kunapozaliwa. Kocha alikuwa anapambana na moshi. Mzee alionyesha moto kwa kidole.

Kwa anayesoma hapa na ana shida hiyo hiyo, fanya hivi kabla hujamlipa mtu. Acha mkono wa kushoto uning'inie kando ya paja bila kuukaza, kisha uletewe fimbo hapo hapo. Mpini upite kwa mshazari, kutoka kiungo cha katikati cha kidole cha shahada hadi shinani mwa kidole cha mwisho. Funga vidole, halafu ile nyama ya chini ya kiganja ikae juu ya mpini, isikae ubavuni. Acha kama sentimita moja ya mpini ijitokeze juu ya mkono. Ukitazama chini uone vifundo viwili vya vidole. Mwenye slaisi aone viwili na nusu, hata vitatu. Ile V ya kidole gumba na cha shahada ielekee bega la kulia, si kidevuni. Sasa ijaribu: inua fimbo mbele yako na uachie vidole vyote isipokuwa cha shahada. Fimbo ikibaki imekaa kati ya kidole hicho na ile nyama, umepata. Ikidondoka, ilikuwa kiganjani. Mkono wa kulia unashika kwa vidole viwili vya katikati, na ule mfereji wa kiganja chake unafunika gumba la kushoto. Kidole cha mwisho cha kulia ukikilaza juu ya vile vya kushoto, ukikifumba na cha shahada cha kushoto, au ukishika kwa vidole vyote kumi, hilo chagua mwenyewe. Slaisi haitoki hapo.

Nguvu ya kushika iwe kama nne kwa kumi. Na osha raba za mipini. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, brashi laini, kausha kwa taulo. Raba iliyong'aa kwa jasho inakulazimisha ukabe fimbo, na ukikaba mikono haigeuki. Mtu anayecheza kila wiki abadilishe raba mara moja kwa mwaka.

Usianze na swingi nzima. Kusanya miguu pamoja, chukua namba 8 au 9, piga mipira 20 kwa nusu swingi, fimbo isipite kiuno kwenda wala kurudi. Angalia kitu kimoja: mpira unaanzia wapi. Mshiko mpya utakuudhi, utahisi umeshika mwiko wa ugali kinyume, na mipira mingi ya mwanzo itakwenda kushoto. Iache iende kushoto. Ni dalili kwamba uso unafunga. Wengi hurudia mshiko wa zamani hapo hapo, siku ya pili, na slaisi inarudi nyumbani. Baada ya hapo tu ndipo uguse njia ya fimbo, na mara nyingi utakuta imeanza kunyooka yenyewe kwa sababu hakuna tena cha kuokoa.

Kwa draiva ongeza jambo moja. Pulizia uso wa fimbo dawa ya unga ya miguu, ile ya kopo, upige mipira mitano, uone alama. Alama zikiwa upande wa kisigino cha fimbo, yaani ule ulio karibu na miguu yako, mpira utapinda kulia hata kama mshiko ni safi, kwa sababu kichwa cha draiva hujisokota kikigongwa pembeni na kuupa mpira mzunguko. Hapo tatizo ni umbali wako na mpira. Kopo moja la dawa lingemwonyesha kocha zaidi ya ile simu.

Nisimdhulumu. Kipo kitu kimoja alinifundisha vizuri sana, na nilipoketi kuandika ndicho kilichonifanya nianze na nyota tatu. Alinitoa kwenye mkeka wa plastiki wa mazoezi, akachora mstari wa chokaa juu ya nyasi, akaniambia nipige bila mpira na kila nyasi iliyokatwa ianzie kwenye mstari au mbele yake, isianzie nyuma. Kisha akakunja taulo dogo na kuliweka sentimita 15 nyuma ya mpira: ukigusa taulo, umechimba. Akaeleza kwamba fimbo ya chuma inapogusa mpira, uzito wa mwili uwe umeshahamia mguu wa kushoto, kama asilimia 80 hivi. Mkeka hukudanganya, fimbo ikitua nyuma inateleza juu ya plastiki na mpira unaruka vizuri, ukifika uwanjani unapiga udongo. Somo hilo peke yake lilistahili pesa yake. Alilieleza kwa upole, kwa maneno machache, na kila alichosema kilikuwa kweli.

Lakini alilitoa baada ya mzee kurudishwa benchi, na mimi nilikuwa sisikii vizuri tena. Ningeweza kusema "kocha mzuri, adabu mbaya" nikaishia hapo. Siwezi. Mtu asiyeweza kuangalia glavu kwa sekunde mbili kwa sababu aliyeionyesha anabeba begi, hawezi kufundisha mchezo huu, maana kufundisha swingi ni kuangalia. Nchi hii imepata wachezaji wengi wa kulipwa waliotoka kwenye kubeba mabegi. Kedi anatazama mamia ya swingi kwa mwezi, kwenye mteremko, kwenye nyasi ndefu, kwenye upepo, na mpira anaufuata yeye kwa miguu yake mpaka mitini. Nani anaijua slaisi kuliko yeye?

Tena slaisi ya Nairobi ni ya huruma. Hapa tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali zaidi na haupindi sana. Shuka nayo pwani, Nyali au Diani, hewa nzito na upepo wa kusi ukivuma, utaona mpira ule ule unavyopinda mpaka unahama uwanja. Kocha alijua kwamba nataka kucheza pwani. Nilimwambia siku ya kwanza.

Baada ya somo nilikwenda kwenye benchi nikamwomba mzee radhi. Akasema, "Pole ni yako, wewe ndiye uliyelipa." Kisha akasimama, akanishika mkono wa kushoto, akaurekebisha kwenye mpini kwa sekunde zisizozidi thelathini. Hakutaka kitu.

Masomo sita yamebaki. Nimeomba ofisini yahamishiwe kwa kocha mwingine, nikajibiwa kwamba kifurushi hufuata jina la kocha. Sawa, yakae. Nyota moja. Siku kocha atakapomwomba mzee radhi pale pale kwenye uwanja wa mazoezi, mbele ya wale waliosikia, nitarudi hapa niongeze ya pili, na ya tatu kwa ajili ya lile taulo.