Vizibo vya Masikio vya Sponji kwa Wanaoishi Jirani na Vyura

Kwa anayeishi karibu na bwawa, ambako vyura madume huanza kukoroma mara giza linapoingia ili kuwaita majike, na mvua ikinyesha huzidisha, vizibo vya masikio vya sponji ni kifaa ninachokipendekeza kwa moyo wote. Havileti ukimya kamili. Hupunguza milio myembamba ya vyura wadogo vizuri zaidi kuliko mngurumo mzito wa vyura wakubwa. Jambo linaloamua kila kitu ni namna ya kuvivaa: sokota kizibo kati ya vidole hadi kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole mpaka kitanuke na kuziba tundu. Ukikiachilia mapema, kitateleza na kutoka. Kasoro yake ni kwamba huchafuka upesi, na huzuia pia kilio cha mtoto, kwa hiyo mzazi wa mtoto mchanga asivitegemee. Hata hivyo ni bora mara nyingi kuliko kumwaga dawa bwawani, kwa kuwa vyura hutupunguzia wadudu, na ngozi yao laini hufyonza sumu kwa urahisi.