Kifaa cha Kununua Kwanza kwa Ukaguzi wa Vyuma na Weldi

Karakana inayotengeneza matela, matangi au paa za chuma hufikia hatua ambapo mteja hatosheki tena na maneno ya fundi, bali anataka weldi zikaguliwe bila kukatwa wala kutobolewa. Vifaa vya kazi hiyo ni vingi, na bei zake zinatofautiana mno. Nimevipanga kwa jicho la mwenye karakana anayenunua kwa fedha zake mwenyewe. Kwa kuwa kila njia huona aina fulani tu ya kasoro, kifaa kinachostahili kutangulia ni kile kinachoona kasoro inayojitokeza mara nyingi zaidi katika kazi yako, na ambacho mafundi wako wanaweza kukitumia kwa usahihi. Kurunzi kali, kioo kidogo cha mkono na brashi ya waya sivihesabu, kwa sababu asiye navyo hajaanza kukagua.

Nafasi ya kwanza naipa seti ya rangi ya kupenya, ambayo kwa kawaida huuzwa katika makopo matatu: kisafishio, rangi nyekundu na poda nyeupe ya kuonyeshea. Rangi hiyo hujipenyeza yenyewe ndani ya ufa usioonekana kwa macho. Ikishafutwa juu, poda huinyonya ile iliyobaki ndani, na mstari mwekundu hujitokeza kwenye weupe. Hufaa kwa chuma cha kawaida, alumini, shaba na chuma kisichoshika kutu, wala haihitaji umeme. Haioni, hata hivyo, kasoro yoyote ambayo mdomo wake haujafika juu ya uso wa chuma. Inahitaji pia subira, kwa kuwa rangi huachwa kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi kati ya dakika 10 na 30, na poda nayo hupewa si chini ya dakika 10 kabla ya kutoa uamuzi.

Kosa linaloharibu majibu kuliko mengine ni kunyunyizia kisafishio moja kwa moja kwenye weldi wakati wa kuondoa rangi ya ziada, kwani huiosha hata ile iliyomo ndani ya ufa. Kinacholowanishwa ni kitambaa. Kupiga grainda mpaka weldi ing'ae kabla ya ukaguzi nako kunaweza kusukuma chuma kikaziba mdomo wa ufa. Katika miji yetu ya joto liangaliwe pia jua, kwa sababu bati nene lililoachwa nje adhuhuri linaweza kuzidi nyuzi 52 za Selsiasi, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha rangi nyingi za aina hii. Dukani, hakikisha makopo yote matatu ni ya mtengenezaji mmoja na tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita. Ukikusudia kukagua chuma kisichoshika kutu, dai cheti kinachoonyesha kwamba klorini na salfa zilizomo ni kidogo.

Cha pili ni kipima unene cha altrasaundi, yaani kinachotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, na kwa wanaokarabati matangi ya zamani na mabomba ningekiweka cha kwanza bila kusita. Kutu hula bati kwa ndani, na kifaa hiki hupima unene uliobaki ukiwa umesimama upande mmoja tu, kwa kuhesabu muda wa mwangwi; sauti husafiri ndani ya chuma kwa takriban mita 5,900 kwa sekunde. Nunua chenye uwezo wa kuruka safu ya rangi iliyopakwa juu ya chuma. Kisicho na uwezo huo huhesabu rangi kana kwamba ni chuma, na kwa vile sauti husafiri polepole zaidi ndani ya rangi, milimita 0.2 za rangi zinaweza kukuongezea karibu nusu milimita ya chuma ambacho hakipo. Bati jembamba kuliko kiwango cha chini cha kifaa nalo linaweza kusomeka mara mbili ya unene wake halisi. Usitoke dukani bila kukijaribu kwenye kipande cha chuma chenye ngazi za unene unaojulikana.

Cha tatu ni sumaku ya umeme ya miguu miwili, inayotumiwa pamoja na unga au wino wa chembe za chuma, ambazo hukusanyika penye ufa. Ni ya haraka kuliko rangi ya kupenya na huona hata nyufa zilizo chini kidogo ya uso, lakini haifai kwa alumini wala kwa aina nyingi za chuma kisichoshika kutu. Ufa unaofuata mwelekeo wa nguvu ya sumaku hauonekani vizuri, hivyo kila sehemu hukaguliwa mara mbili, ya pili miguu ikiwa imezungushwa nyuzi 90. Muuzaji aijaribu mbele yako: ya umeme wa AC inapaswa kuinua angalau kilo 4.5, na ya DC kilo 18.

Mashine ya altrasaundi ya kutafuta kasoro ndani ya weldi naiweka ya nne, na kwa karakana ndogo naishauri isinunuliwe kabisa. Gharama yake kubwa ni mtu wa kuisoma, kwa sababu mawimbi yaliyo kwenye skrini hayamwambii chochote asiyefunzwa.

Eksirei, yaani kupiga picha ya ndani ya weldi kwa mionzi, ni ya kukodi tu. Vyanzo vya mionzi ya gama kama iridiamu-192, vinavyotumika badala ya mashine ya eksirei, vinahitaji leseni, ambayo nchini Tanzania hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomu, na Kenya na mamlaka ya kudhibiti nyuklia. Kabla ya kusaini mkataba, omba kuona leseni ya kampuni pamoja na cheti cha mkaguzi cha daraja la pili chini ya ISO 9712, kiwango cha kimataifa cha vyeti vya wakaguzi wa aina hii, kwa njia hiyo hiyo ya eksirei, kisha mkubaliane ni saa ngapi karakana itaondolewa watu wote.