Hotuba ya wafu, na skrini ingali inamtania mama mkwe

Nimekasirika, na nitasema kwa nini. Ukumbi mdogo wa michezo ya kuigiza mjini Yerevan, mji mkuu wa Armenia, viti havifiki mia, waigizaji wa kiwango cha juu, na mtu mmoja aliyekabidhiwa kompyuta ya kurusha tafsiri kwenye skrini akaivuruga kazi yao yote. Jina la ukumbi silitaji.

Mchezo ni tanzia-ramsa ya miaka ya giza, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kinu cha nyuklia cha Metsamor kilifungwa mwaka 1989 baada ya tetemeko la Desemba 1988, kikawashwa tena 1995. Katikati hapo palikuwa na vita, mipaka ikafungwa, umeme ukawa wa saa moja au mbili kwa siku, mkate wa kuponi. Jukwaani kuna meza, jiko la bati lenye bomba linalotokea dirishani, na sakafu ya vibao. Tamada, yaani msimamizi wa meza anayetoa hotuba kabla watu hawajanywa, analisifu taifa, analisifu kanisa, anausifu mlima Ararat unaoonekana dirishani ilhali uko Uturuki. Kila hotuba ikiisha, mama mwenye nyumba anapiga magoti, anang'oa kibao kwa bisibisi, anakitia jikoni. Hatazami hata mikono yake, utadhani anamenya viazi. Sakafu inaisha polepole, hotuba haziishi.

Tashtiti ya namna hii, yaani kejeli, inakaa kwenye maneno. Hakob Paronyan, mwandishi wa tashtiti wa Kiarmenia aliyefariki Istanbul mwaka 1891, aliwachapa wakubwa wa jamii yake kwa maneno tu. Kwa hiyo asiyejua Kiarmenia anaitegemea skrini iliyo juu ya jukwaa, na skrini ina kanuni zake. Slaidi moja, mistari miwili, herufi zisizozidi arobaini hivi kwa mstari. Mzaha haukai wote kwenye slaidi moja: unaukata, neno la mwisho linatoka pamoja na mdomo wa mwigizaji. Hapa neno liliwahi. Wageni wakacheka, mwigizaji bado anavuta pumzi, na wenyeji walipocheka baadaye, wageni walikuwa wamenyamaza. Mwigizaji wa vichekesho ukimfanyia hivyo mara tatu, anapoteza mapigo yake.

Kisha tamada akabuni maneno yake mwenyewe, jambo la kawaida kabisa, akaruka nusu ukurasa. Anayerusha tafsiri anatakiwa awe amehudhuria mazoezi ya mwisho, awe na nakala yenye namba za slaidi, na akipotea aweke slaidi tupu hadi mahali anapopajua. Huyu aliendelea kubofya kila kimya kilipopita. Ikafika hotuba ya wafu, ile ambayo Waarmenia hunywa bila kugonganisha glasi. Watu jukwaani wamesimama, glasi zimetulia, na juu yao kumeandikwa mzaha wa mama mkwe. Safu mbili za wageni zikaangua kicheko! Mwigizaji wa kike aligeuza shingo kidogo tu. Aibu ile si yake.

Wakati wa mapumziko malalamiko yakapelekwa kwa dada wa mlangoni. Jibu lake, bila kuinua macho: "Sikiliza tu, utaelewa." Watu wamelipia tiketi!

Sehemu ya pili, kosa jingine. Onyesho la mshumaa mmoja, na projekta inamwaga mwanga wa kijivu ukutani, maana slaidi nyeusi ya projekta si giza. Dawa yake ni kipande cha kadibodi na uzi, unaiziba lenzi. Hawakuwa nacho. Nilikwisha kuamua kuupa mchezo nyota moja.

Ndipo mtu akaizima kabisa. Dakika ishirini hivi bila tafsiri. Vibao vimekwisha, familia inatembea juu ya boriti tupu, kila mtu anapima hatua, tamada naye ananyanyua glasi na mguu hauna pa kukanyaga. Ukumbi mzima ukanyamaza pamoja, wenyeji na wageni. Sitaki kukiri kwamba yule dada alisema kweli, na sehemu ya kwanza hakusema kweli hata kidogo, lakini kwa dakika hizo ishirini hapakuhitajika neno.

Basi nyota nne. Hapana, tatu, kwa sababu ya ile hotuba ya wafu. Ukienda, omba safu ya kwanza au ya pili, katikati: hapo huwezi kusoma skrini bila kuinua kichwa, na bisibisi unaisikia ikiingia kwenye ubao.