Signal ni nzuri, ila usiiache ilivyokuja

Signal ni programu ya meseji na simu, na kwa usiri wa ujumbe wenyewe sina neno nayo. Mwaka 2016 wachunguzi wa Marekani waliwadai kwa hati ya mahakama taarifa za watumiaji. Walichokuwa nacho Signal ni tarehe ya kujisajili na siku ya mwisho ya kuunganishwa, basi.

Tatizo liko kwenye laini. Akaunti husajiliwa kwa namba ya simu, na tapeli akifanikiwa ku-renew laini yako, msimbo wa SMS unaingia kwake. Ingia Mipangilio, kisha Akaunti, washa kufuli ya usajili, huwa imezimwa. Hapo mwenye laini asiye na PIN yako ya Signal anakwama. PIN ya tarakimu 4 inakubalika, lakini mimi naweka ndefu yenye herufi. Angalizo: akaunti ikikaa siku 7 bila kutumika, kufuli hiyo inakatika, kwa hiyo ukiibiwa simu jisajili upya mapema. Mwizi wa namba hasomi meseji za zamani, maana ziko ndani ya simu. Atajifanya wewe tu, na wenzako wataona kijitaarifa kwamba namba ya usalama (si ya simu, ni ya kuhakiki mazungumzo yenu) imebadilika. Nani huwa anakisoma?

Tangu 2024 unaweza kutoa jina la mtumiaji badala ya namba. Kwenye Faragha, zuia watu kuiona namba yako na kukutafuta kwayo. Aliyekwisha kui-save ataendelea kuiona.

Meseji za kujifuta naziweka wiki 1. Hazimzuii mtu kupiga picha skrini, msidanganyane. Arifa nazo zionyeshe jina tu, la sivyo meseji inasomeka simu ikiwa imefungwa mezani. Kupitisha simu zote kwenye seva za Signal kunaficha anwani yako ya IP (namba inayotambulisha intaneti unayotumia), ila bando likiwa dhaifu sauti inakatika. Mpangilio huo nauwasha ninapoongea na nisiyemwamini sana.

Ukimwachia fundi simu na namba ya kuifungua, ukirudishiwa fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kuskani msimbo wa QR ili kuunganisha kompyuta na akaunti yako ni sekunde chache, na kompyuta iliyounganishwa inaweza kuletewa hata meseji za nyuma, kisha ikaendelea kupokea mpya kimya kimya. Usichokitambua, kiondoe hapo hapo.