Gitaa la umeme la zamani: uchague bodi ya mbao gani, na uitambueje kabla hujalipa

Mwaka juzi nilinunua gitaa jekundu la kukolea kwa laki nne na nusu. Muuzaji aliniapia kwamba ni la miaka ya sabini, bodi, yaani kiwiliwili chake, mahogani tupu. Nikalipeleka karakana kwa kaka yangu pale Isevya, tukalilaza kifudifudi juu ya meza ya kurandia na kufungua skrubu nne zinazoshika shingo. Shingo ilipotoka, kile kishimo inamokaa hakikuwa na rangi hata kidogo. Kaka akawasha tochi ya simu, akapitisha ukucha kwenye ukuta wa kishimo: tabaka saba, moja nyuzi zimelala, inayofuata zimesimama, hivyo hivyo hadi chini. Yeye hajui kupiga hata wimbo mmoja, lakini alijua papo hapo alichokishika. Plaiwudi, iliyobandikwa ganda jembamba la mbao nyekundu juu.

Mji wetu wa Tabora ndio uliotoa bendi za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Hadi leo vijana wa kwaya na wa bendi wanatafuta magitaa ya zamani, na mengi yanafika kama mtumba, kwa basi au kwa treni, bila karatasi yoyote. Kinachoweza kukuambia ukweli ni mbao. Na sisi wa Tabora tuna bahati: tumekua tukiona mninga na mkurungu zikipigwa randa kila mtaa, kwa hiyo jicho la mbao tunalo. Kilichobaki ni kujua pa kulielekeza.

Niseme wazi jambo moja, maana wauzaji hulitumia kupandisha bei. Kwenye gitaa la umeme, sehemu kubwa ya sauti inatoka kwenye pikapu, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya, na kwenye amplifaya. Mbao ninaikagua kwa sababu nyingine: ndiyo inayoamua uzito utakaoning'inia begani saa nne za mkesha, ndiyo inayoshika skrubu, na ndiyo inayoonyesha kama mwaka na jina unaloambiwa ni vya kweli.

Pa kuangalia ni pale rangi isipofika. Kwanza kishimo cha shingo. Pili chini ya plastiki ya mbele na chini ya pikapu. Tatu kile kifuniko cha nyuma kinachoficha springi au nyaya. Kama muuzaji hataki uguse chochote, mwombe angalau afungue kile kitufe cha mkanda, skrubu moja tu. Zungusha kijiti cha kiberiti ndani ya tundu lake uone unga unaotoka: wa kahawia nyekundu, au mweupe kama wa msindano. Kisha tazama ukingo wa bodi. Mstari wa mbao ulioko juu ukifika ukingoni lazima ugeuke na kushuka ubavuni. Ukikatika ghafla ukingoni, kilichoko juu ni ganda tu. Japani miaka ya 1990 walifika hatua ya kuchapisha picha ya mbao nzuri juu ya bodi ya kawaida, na kwa macho ya haraka hutajua.

Kati ya mbao za bodi, namba moja kwangu ni alda. Stratocaster ya kwanza, gitaa la kampuni ya Fender ya Marekani, mwaka 1954, ilitengenezwa kwa mbao nyingine, eshi. Katikati ya 1956 Fender wakahamia alda kwa rangi nyingi, eshi wakaibakiza hasa kwa ile rangi ya maziwa inayoonyesha mistari. Hiyo peke yake ni silaha mkononi mwako. Mtu akikuonyesha Stratocaster anayosema ni ya 1962, yenye rangi ya machweo (hafifu katikati, nyeusi ukingoni), halafu chini ya plastiki unakuta vinyweleo, yaani vitundu vya mbao, vikubwa vilivyopangwa kwa mistari, muulize vizuri, kwa sababu hapo ulitakiwa kukuta alda. Alda yenyewe ni ya kahawia hafifu inayoelekea njano, vinyweleo vyake ni vidogo mno, na ukipitisha kidole inateleza. Mara nyingi bodi ni vipande viwili au vitatu vilivyogundishwa, na hilo si kasoro, hata kiwandani walifanya hivyo. Ni nyepesi bila kuwa laini, inashika skrubu, na ikichubuka unapiga msasa na kupaka rangi upya bila kuhangaika kuziba vitundu. Gitaa zima la namna hiyo huwa na kilo tatu na robo hadi karibu nne. Ule mzani wa ndoano wanaopimia magunia unatosha, ning'iniza tu.

Mahogani naiweka ya pili, na ni kwa sababu ya uzito na shingo, si ubora. Les Paul, gitaa la kampuni ya Gibson ya Marekani, ilianza 1952 ikiwa na bodi ya mahogani na kifuniko cha mepo, mbao ngumu nyeupe, juu. Les Paul Junior ya 1954 ni mahogani bila kifuniko, na umbo la SG, gitaa jingine la Gibson, lilifuata 1961. Fundi yeyote aliyewahi kufanya kazi na mkangazi ataitambua, ni ndugu wa ukoo mmoja: wekundu wa kahawia, vinyweleo vifupi kama vimechorwa kwa ncha ya sindano, na harufu kavu ukiikwaruza. Tatizo ni kwamba magitaa haya shingo imegundishwa, huwezi kuivua, kwa hiyo fungua kifuniko cha nyuma. Kisha geuza kichwa cha gitaa, pitisha kidole nyuma yake, pale shingo inapoanza kuinama. Hapo ndipo yanapovunjika yakianguka. Ukigusa ufa uliozibwa, hata kama umepakwa rangi vizuri, bei ishuke au uache.

Eshi inakuja ya tatu pamoja na seni, mbao ya Kijapani waliyoitumia sana miaka ya 1970 mahali pa eshi. Zote mbili zina mistari mikubwa inayopendeza, na juu ya rangi unaweza kuihisi kwa ukucha kama mifereji midogo. Eshi ya mabondeni ni nyepesi na tamu. Ile ya kaskazini ni nzito, nimewahi kubeba gitaa lililopita kilo nne na nusu na bega lilinikumbusha siku mbili. Seni ni rangi hafifu zaidi na laini kidogo. Wakikuuzia seni kwa jina la eshi hupati hasara kubwa, mradi bei ni ya gitaa la Japani na si ya Marekani.

Baswudi imejaa kwenye magitaa ya Japani ya miaka ya 1980 na ya nchi nyingine za Asia baadaye. Ni nyeupe, haina mistari ya kuzungumzia, na ukiibonyeza kwa ukucha kishimo kinabaki. Nawaona watu wakiidharau na sikubaliani nao, kwa kuwa kwa mwanafunzi ni nyepesi na sauti yake haina ubaya wowote. Ila skrubu zinalegea. Kwenye kwaya moja niliona kitufe cha mkanda kikichomoka katikati ya pambio, gitaa likapiga sakafu ya saruji kwa kona. Kabla ya kulitumia, toa vitufe vyote viwili, jaza matundu kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao, acha usiku mzima, kisha rudisha skrubu. Popla iko jirani na hii. Utaijua kwa michirizi ya kijani.

Plaiwudi ni ya mwisho, na sababu yangu ni bei ya uongo inayouzwa nayo. Magitaa kadhaa ya Squier, jina la bei nafuu la Fender, ya Korea ya mwisho wa miaka ya 1980 ni plaiwudi na yanapiga vizuri kabisa, kwa hiyo yanunue kwa bei yake. Na usikosee kuhukumu: ES-335 ya Gibson iliyotoka 1958 ina tabaka za mepo na popla kwa makusudi, na gogo la mepo katikati, kwa sababu ni gitaa lenye uwazi ndani. Magitaa ya Danelectro ya miaka ya 1950 nayo ni hadibodi, ubao mwembamba wa nyuzi za mbao, iliyofungwa kwenye fremu ya mbao, ndivyo yalivyozaliwa. Unachokikataa ni tabaka mahali ulipoahidiwa kipande kimoja. Bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa usiiguse kabisa: masika moja yenye unyevu, matundu ya skrubu yanavimba na hayarudi.

Kuna mbao moja watakayokutajia ili kukutisha: korina. Ni jina la biashara la limba, mti wa Afrika Magharibi na Kongo, na Gibson waliitumia mwaka 1958 kwa magitaa yao ya Flying V na Explorer. Zilitengenezwa chache mno. Anayekuambia anayo moja kwenye begi hapa stendi, mpe mkono umuage.

Sasa bodi ikiwa mbovu lakini shingo na pikapu ni nzuri, usitupe. Lile gitaa langu jekundu tulilifanyia hivyo. Kaka alichagua ubao wa mninga uliokaa kavu darini zaidi ya miaka miwili, akauranda hadi unene wa sentimita nne na nusu, akachora umbo kwa kufuata bodi ya zamani na kuchonga kishimo cha shingo kwa patasi, akijaribu kila baada ya mikwaruzo michache hadi shingo ikakaa bila kutikisika. Mninga kavu uzito wake uko karibu na mahogani, na ukishakauka haupindi ovyo kati ya kiangazi chetu na masika, jambo ambalo mafundi wa hapa wanalijua tangu babu zao. Tukaupaka vanishi tu, mistari yake ikabaki wazi. Sitaliuza kama la zamani, na atakayeniuliza nitamfungulia shingo aone.