Rivolva kuukuu ya Smith & Wesson: umri wake umegongwa kwenye chuma
Baada ya kuhakikisha kwamba haina risasi, niliifungua silinda ya rivolva hii ya Smith & Wesson na kukuta, kwenye fremu karibu na mkono unaoibeba silinda, maandishi MOD. 10, yanayothibitisha kwamba haikutengenezwa kabla ya 1957, mwaka ambao kampuni ilianza kugonga namba za modeli. Muuzaji aliinadi kuwa silaha ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Lakini nyingi za zile za vita hutambulika kwa herufi V mbele ya namba ya utambulisho iliyo chini ya mpini, ilhali hii ina C, iliyoanza kutumika 1948. Rangi imepauka, jambo lisilonisumbua hata kidogo, kwa kuwa silinda inafunga barabara na alama zote zinasomeka.